Chavua Katika Mtandio wa Mize

Mliokuwa nasi tangu mwanzo mnamjua Mize binti Vuai, mzaliwa wa Makunduchi, mkaazi wa Columbia Heights, jijini Washington, Marekani. Mnaoingia leo, vuteni kiti, hamjachelewa sana.

Mize alisomea kemia ya mimea. Ana mdogo wake mmoja tu, Sundus, ambaye maradhi ya mishipa ya fahamu yalimvamia akiwa bado msichana. Miguu inamkakamaa hadi analia. Dawa za hospitali zilituliza kidogo, lakini zilimwacha kama mtu aliyejazwa pamba kichwani. Ndipo Mize akageukia mmea ambao kwao hautajwi mbele ya wazee.

Sheria ya Washington inamruhusu mtu mzima kupanda miche michache ya bangi nyumbani kwake. Mize akapanda. Lakini hakupanda tu, alichanganya. Alichukua jike la majani mapana kutoka milima ya Virginia, lile linalolegeza mwili mpaka mtu anasahau kuinuka, akalipandishia dume la mbegu za Malawi. Mbegu hizo alipewa na jirani yake, mzee Peterson, aliyewahi kufundisha huko ujanani. Bangi ya Malawi ni ndefu, majani yake membamba, na anayeivuta huongea mpaka majirani wanafunga madirisha.

Watoto wa kwanza wa mchanganyiko ule hawakufaa kitu. Mize akawachanganya wenyewe kwa wenyewe. Katika wajukuu ukatokea mche mmoja uliochukua wema wa pande zote mbili. Haukumponya Sundus, tusidanganyane. Ulimlegeza miguu, ukamwachia akili yake. Jina Sundus ni hariri laini ya kijani, basi Mize akauita mche ule Hariri.

Kisha yakaja ya Haitham.

Haitham, mumewe, mtu wa Mombasa mwenye ulimi wa asali, alimtaliki mbele ya jamaa. Alisema hawezi kulala nyumba moja na mwanamke wa bangi. Watu wakamwonea huruma yeye. Mize akawa hajibiwi salamu harusini. Na siku anahama, Haitham alikata vipandikizi vya Hariri akavificha garini, halafu mche mama akaumwagia jiki mpaka mizizi.

Haikuchukua muda akafungua ghala Landover, upande wa Maryland, ambako biashara hiyo ina leseni. Akawa anauza ua lile lile katika vikopo vyeusi vilivyoandikwa Zanzibar Silk, yaani Hariri ya Zanzibar. Mwanamke wa bangi alikuwa haramu. Bangi yenyewe, kumbe, ilikuwa halali.

Tulipowaacha, Haitham alikuwa amesimama mlangoni kwa Mize, sahani ya halwa mkononi.

"Sikuja kwa shari," alisema. "Nimekuja kwa haja."

"Haja gani kwa mwanamke wa bangi?"

Haitham akatazama viatu vyake. Mize hakumkaribisha kiti, wala hakuipokea sahani, ikabidi aiweke mwenyewe juu ya meza.

"Hariri imegeuka," akasema.

"Imegeukaje?"

"Harufu imekufa. Zamani ukifungua kopo wanusa limau, wanusa pilipili manga, na nyuma yake kama karafuu. Sasa yanuka majani makavu. Na wateja wamekuwa wakali. Wasema hawapati tena ile furaha, wakivuta walala tu. Mmoja alilala kwenye kiti cha kinyozi, akanyolewa hadi akamalizwa, hajui."

"Na weye unataka nini kwangu?"

"Uje uione. Wewe ndiwe uliyeizaa."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Haitham kulisema neno hilo, na alilisema chumbani, pasipo na mtu wa kulisikia.

Mize alikuwa ameshajua ugonjwa kabla Haitham hajamaliza kusimulia. Mche ule una asidi moja mama, na ndani ya ua kuna vimeng'enya viwili vinavyoigombania. Kimoja, urithi wa Malawi, kinaigeuza sehemu yake kuwa THC, ile inayopandisha kichwa. Cha pili, urithi wa Virginia, kinaigeuza sehemu yake kuwa CBD, ambayo humshika THC shati asipande mno. Hariri ilikuwa nazo karibu sawa kwa sawa, na hiyo ndiyo siri ya akili ya Sundus kubaki mahali pake. Juu ya hizo mna mafuta ya harufu, lile la limau na lile la pilipili manga, ambalo ndilo lililomo kwenye karafuu za kwao. Mafuta hayo ni mepesi kama roho. Ukiyapiga joto, yanaruka. Na THC nayo ikikaa kwenye joto na mwanga huzeeka, ikageuka kitu kingine ambacho wengi husema kinamlaza mtu.

Kwa hiyo Hariri haikugeuka. Haitham alikuwa akiikausha kwa mashine za joto ili aiwahishe sokoni. Dawa yake ilikuwa sentensi moja: kausha polepole, kwenye baridi na giza.

Sentensi hiyo Mize akaimeza.

"Nitakuja," akasema.

Haitham alipoondoka, Mize aliitia halwa kwenye pipa la taka pamoja na sahani yake.

Msidhani alikwenda Landover kutibu. Kwenye friza yake, nyuma ya mfuko wa pweza, kulikuwa na kichupa cha unga wa manjano, mlaini kuliko poda ya mtoto. Alikuwa amekiweka huko tangu mwaka uliopita. Ilikuwa chavua, unga wa dume. Aliikung'uta kutoka kwenye bangi isiyolevya, ile inayolimwa Virginia kwa ajili ya nyuzi na mafuta.

Mkulima wa bangi anaogopa chavua kuliko moto. Ua linalouzwa ni la jike ambalo halijapandwa. Linakaa linangoja dume, na katika kungoja kwake linatoa utomvu, na utomvu ndio mali. Chavua ikiligusa tu, linaacha utomvu linaanza kulea mbegu. Ghala zima linaweza kujaa mbegu kwa mkung'uto mmoja, na ua la mbegu halina mnunuzi.

Mize alikuwa na silaha. Alichokosa ni mlango, na sasa mlango ulikuja wenyewe.

"Da Mize, usiende," Sundus alimwambia. Alikuwa kitandani, miguu juu ya mto. "Please. Huyo mtu ukimkaribia unakuwa si wewe."

"Naenda kuangalia mimea tu."

"You're lying. Ukidanganya unasafisha meza."

Mize akaliacha dasta.

Pembeni ya kitanda, Marie-Thérèse alikuwa akimkanda Sundus magoti kwa mafuta yake ya kawaida. Huyu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye kazi yake ni kuuguza watu majumbani. Mize humwita Mama Ineza, kwa jina la binti yake. Tangu Hariri iibwe, ni yeye aliyekuwa akimletea Sundus matone ya kunywa. Alisema anayapata kwenye duka moja mjini. Yalisaidia, na Mize, kwa uchovu, hakuuliza duka gani.

"Dada Mize, muache ule mubaba," Marie-Thérèse akasema bila kuinua kichwa. "Mungu ataona."

"Mungu ameshaona, Mama Ineza. Mie ndiye niliyekuwa nangoja."

Siku ya kwenda, alichagua mtandio mpana wa rangi ya mchanga. Akaitandaza chavua ndani ya mikunjo yake, akaukunja tena taratibu, akajifunga kama anayekwenda hitimani.

Mlangoni pa ghala alipokewa na mwanamke mrefu mwenye suruali ya jinzi, Shiku, Mkenya wa Thika. Ndiye meneja wa Haitham, na ndiye mkewe wa sasa.

"Vaa hii overall juu ya nguo," Shiku alisema, akimpa vazi jeupe la karatasi. "Na viatu unafunika. Hapa hatutaki vumbi ya nje, hata kidogo. Na hiyo kitambaa ya kichwa?"

"Mtandio siuvui mbele ya wanaume."

Shiku alisita, akamtazama. Kisha akampa kofia ya karatasi. "Basi weka hii juu yake. Wewe ndio Mize, ama? Nimeskia story zako mingi."

"Zipi?"

"Zile mzee wangu husema." Akageuza uso. "Siku hizi si zote naamini."

Ndani, walipita kando ya mashine za kukaushia, Mize akazitupia jicho, kisha wakaingia chumba kikubwa kama ukumbi wa harusi. Taa zilining'inia juu ya safu kwa safu za mimea iliyofika kifuani, yote Hariri, dada wa tumbo moja, vipandikizi vya vipandikizi vya ule mche mama wa nyumbani kwake. Mize akalishika jani moja. Aliyafahamu yale majani kama mtu anavyofahamu mwandiko wake.

Mwanamume mmoja mwenye macho ya upole akamsogelea.

"Bonjour, dada. Mimi ni Gédéon. Marie-Thérèse ni dada yangu."

Mize alijua kwamba Marie-Thérèse ana kaka anayefanya kazi kwenye ghala Landover, lakini Landover yote ni maghala. Hakuwahi kudhani ni hili.

"Sundus anaendelea muzuri?" Gédéon akauliza kwa sauti ya chini. "Miguu yake?"

"Anaendelea vizuri."

"Ah, merci Mungu." Na uso wake ukafurahi kwa namna ambayo Mize aliifikiria baadaye kwa muda mrefu.

Tuseme ukweli, pale alitaka kurudi nyuma. Alitazama mikono ya Gédéon ilivyokuwa ikigeuza jani, akaona ni mikono ya mtu anayeipenda kazi yake. Akajiambia atamwambia Haitham ile sentensi moja, aende zake, amwachie Mungu.

Lakini Haitham hakuwa peke yake. Alikuwa amesimama kati ya safu na wanunuzi wawili waliotoka Arlington, wenye maduka Maryland, akiwaonyesha ua kwa ncha ya kalamu, na alikuwa akisimulia.

"This is my grandfather's seed," alikuwa akiwaambia. Babu yake, alisema, alikuwa nayo Lamu, kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Na yeye Haitham ameibeba mpaka Amerika, ameihangaikia kwa miaka, amekosa usingizi kwa ajili yake. Mmoja wa wale wanunuzi akagusa kifua, akasema ni kisa kizuri sana.

Kisha Haitham akamwona Mize, akatabasamu, akawaambia wageni, "Na huyu ni mfanyakazi tuliyemwita. Aja kuangalia unyevu."

Haitham na wageni wake walipogeukia maua tena, Mize akatembea hadi kwenye feni kubwa ya ukutani, Gédéon nyuma yake.

"Samahani," alimwambia Gédéon. "Mtandio umenilegea. Geuka kidogo."

Gédéon, kwa adabu, akageuka. Mize akaivua kofia ya karatasi, akafungua mtandio wote, akaukung'uta mara moja mbele ya upepo kama mtu anayekung'uta shuka la kitandani, akajifunga upya.

Vumbi lilitoweka hewani kwa kufumba na kufumbua. Lilipita juu ya safu zote, na jingine likamwangukia Gédéon mgongoni, likakaa kwenye overall yake nyeupe ya kitambaa kama unga wa binzari. Mize aliliona. Angeweza kunyoosha mkono akampangusa.

Hakupangusa.

"Unyevu uko sawa," alimwambia Haitham akipita. "Tatizo silioni."

Alirudi nyumbani akapika biriani. Sundus alimtazama akila, akasema, "Umefanya nini?" Mize akasema, "Nimekula."

Chavua haipigi kelele. Kwanza vile vinywele vyeupe vya ua vinageuka kahawia mapema. Halafu vijaluba vyake, vile vifuko vya kulea mbegu, vinavimba, na mkulima anafurahi, anadhani ni unene wa neema. Halafu siku moja anaminya ua kwa kidole, na ndani yake kuna kitu kigumu.

Mize alizihesabu hatua hizo akilini, kila asubuhi akiwa kazini kwake maabara, na kila hatua ilimwendea mwilini kama uji wa moto. Alikuwa akimwona Haitham akiminya ua la kwanza. Akimwona akiminya la pili. Hakumbuki wakati mwingine katika maisha yake alipolala vizuri kama majuma yale.

Asubuhi moja ya Jumapili mlango uligongwa. Alikuwa Marie-Thérèse, kavaa nguo za kanisani, na koti hakulivua.

"Dada Mize, bamemukamata Gédéon."

"Nani kamkamata?"

"Police. Maua yote ya patron Haitham imejaa mbegu, ghala muzima. Patron anasema ni Gédéon. Walikuta ile poussière, ile vumbi ya manjano, ku overall yake mu kabati ya kazi. Anasema Gédéon alilipwa na kampuni ingine aharibu." Akakaa kitini bila kualikwa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Na papier yake ya kukaa huku haijatoka bado, unajua. Miaka yote tunangojea ile papier. Huku Maryland bangi ni sheria, lakini ku serikali kubwa ya Amerika haiko sheria. Avocat, ule mwanasheria, alishamwambia ile kazi ni mubaya ku papier. Sasa na police juu yake, bataweza kumurudisha. Atarudi wapi? Nyumba yetu ya kule haiko tena."

Mize alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Si ajitetee," akasema. "Aseme hakufanya."

"Hawezi." Marie-Thérèse akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Dada Mize, nisamehe. Yale matone ya Sundus, sikununua ku duka. Gédéon alikuwa analeta. Yale majani madogo yenye wanakata na kutupa, alikuwa anachukua kidogo mu mufuko, mimi napika na mafuta ku nyumba. Alisema, ile mti ni ya Sundus, wacha Sundus akule. Akifungua kinywa, watauliza na hiyo. Donc ananyamaza."

Kutoka chumbani kukasikika sauti ya Sundus.

"Nilijua," alisema. "Nilijua ni Hariri. Nilimwambia Mama Ineza asikwambie, because ungekataa. Usingekubali kitu chake kiingie nyumba hii, hata kama ni chako."

Kisha, polepole zaidi, "Da Mize. Mbegu zimetoka wapi?"

Marie-Thérèse alimtazama Mize, akatazama mlango wa chumbani, akamtazama Mize tena. Taratibu uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Wewe," alisema. Hilo tu.

Akatoka. Chupa ya matone iliyokuwa juu ya meza ilikuwa imebakiwa na kidogo sana chini.

Mize hakungoja Jumatatu. Alikwenda Landover siku hiyo hiyo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yote yalikuwa mafupi.

Haitham alikuwa ofisini, ameketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, mbele yake bakuli la maua yaliyokamuliwa na rundo la mbegu. Alikuwa amekonda. Mize alidhani atafurahi kuona hivyo. Furaha ikamkataa.

"Ni mie," akasema akiwa bado amesimama. "Gédéon hana kosa. Nilikuja nayo kwenye mtandio."

Haitham hakustuka. Akaokota mbegu moja, akaiviringisha kati ya vidole.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kuna kamera juu ya ile feni. Nimekuona ukikung'uta kama mtu afutaye vumbi la zulia. Nimeitazama mara nyingi, Mize. Ilinichukua muda kuamini kwamba wanichukia kiasi hicho."

"Basi kwa nini umemfunga mtu wa watu?"

"Kwa sababu wewe huna pa kushikwa. Wewe una pasi ya hapa, una cheo maabara. Nikikushtaki, utalipa faini, utaenda zako, na mahakamani utasimulia ni nani aliyeuzaa mche huu." Akaiweka mbegu chini. "Gédéon ana pa kushikwa. Nikimshika yeye nimekushika wewe, maana nakujua. Wewe ni mkali lakini si mbaya. Huwezi kula na kulala mwenzio yuko ndani kwa ajili yako."

Mize alifikiria yale majuma aliyolala vizuri.

"Wataka nini, Haitham?"

"Chumba hiki kimekufa. Lakini nyuma nina chumba cha pili, mlango wake mbali, feni zake mbali. Miche mama yote imo humo, na safu za mwisho, zakaribia kuvunwa. Hazikuguswa. Nipe ile siri uliyonificha, kwa nini ua lafa harufu. Najua waijua, nilikuona ulivyotazama mashine za kukaushia." Akainua macho. "Na urudi. Tufunge ndoa upya, mbele ya wale wale waliosikia talaka. Nitasema nilikosea. Utakaa humu, Hariri itakuwa mikononi mwako, Sundus atapata dawa yake kwa uwazi. Na Gédéon atatoka."

"Na mkeo?"

"Shiku ni wa ofisini."

Alilisema kama mtu anayetaja kabati.

Mize alitazama rundo la mbegu. Alichokuwa akikitaka siku ile ya talaka, watu wale wale wasikie Haitham akisema amekosea, ndicho hiki sasa kimewekwa mezani mbele yake. Bei yake ilikuwa yeye mwenyewe tu.

"Nipe nafasi nifikiri," akasema.

"Fikiri. Mimi naenda Arlington kuwatuliza wale wanunuzi. Nikirudi, nataka jibu."

Alipotoka nje, gari la Haitham lilikuwa limeshaondoka. Mize alisimama kwenye maegesho, hajui aende kwa nani kwanza. Nyuma yake akasikia mlango wa chuma ukifunguka.

Shiku alitembea taratibu, mikono mfukoni, mpaka wakawa ubavu kwa ubavu.

"Ukuta ya ofisi yangu ni mbao tu," akasema. "Nimeskia yote. Ati Shiku ni wa ofisini."

Mize akamgeukia.

"Hii kampuni ilianza na pesa ya mamangu, aliuza ploti. Jina langu haiko hata kwa mlango." Hakuwa akilia. Alikuwa akizungumza kama mtu anayesoma bei. "Skiza. Statement ya polisi niliandika mimi, kama meneja. Naweza enda station leo niseme nilikosea, ile vumbi ilitoka nje, Gédéon hakufanya kitu. Na hiyo video iko kwa kompyuta yangu. Yeye hutazama tu nikimfungulia, hata password hajui. Nikiifuta, imeisha. Hakuna Mize, hakuna feni."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Sikufanyii wewe." Shiku akatoa ufunguo mmoja kwenye shada lake, akamwekea Mize kiganjani, akakikunja kiganja kwa mkono wake mwenyewe. "Hiyo ni ya chumba ya pili. Ule unga wako, najua hukumaliza. Mtu kama wewe hawezi maliza. Enda ulete. Yeye akirudi, nataka apate hata huko ni mbegu tupu, na miche mama zote zimewekwa jiki, vile alikufanyia."

"Na nikikataa?"

"Basi video inaenda kwa polisi, na Gédéon anakaa vile anakaa. Mimi sina haraka. Wewe ndio uko nayo."

Akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

Mize alibaki na ufunguo. Ulikuwa mdogo, mwepesi, wa kawaida kabisa. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na kila alichobakiwa nacho Haitham, na hapo moyo wake ulicheka bila yeye kutaka. Nyuma ya mlango huo huo kulikuwa na Hariri ya mwisho duniani, na Sundus nyumbani alikuwa na matone yasiyofika kesho kutwa.

Chavua ilikuwa bado kwenye friza nyumbani, na kabla ya lolote alitaka tawi moja kwa ajili ya Sundus. Akapita ofisi ya Shiku bila kugeuza kichwa, akafuata ukumbi hadi mwisho, akaingiza ufunguo.